Uso Uliongoja Mvua

Afishi, tangazo la picha, waliibandika kwenye ukuta wa duka la dawa, pale kona ninapopumzisha magoti nikitoka misa ya kwanza. Kusoma kwangu ni kwa shida, masista walinipata miaka mitatu tu, lakini picha nazisoma vizuri. Ilikuwa sanamu ya mti, mwanamume mnene, kifua wazi, anacheka kwa meno yote, amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni. Nilimjua. Fimbo yake niliishika kwa mikono hii. Nikamwita Mireille, anayeuza mayuniti ya simu chini ya mwavuli, nikamwambia, "Mama, nisomee hapa." Akasoma huku anatafuna karanga: Wavietnam wanakuja Lubumbashi, wataonyesha michoro yao ya hariri na ya utomvu wa mti, watacheza ngoma zao, na siku ya kufungua, Jumamosi, sanamu zitacheza juu ya maji. "Nkambo, bibi yangu, na weye utaenda kuona Bashinwa?" akaniuliza, maana hapa kwetu kila mwenye macho yale ni Mchina. Nikamwambia hawa si Wachina, na mimi nilialikwa zamani, kabla mama yake hajazaliwa. Akacheka. Mimi sikucheka. Jua lilikuwa limeshatoka, lakini niliona baridi ya mwaka ule inanipanda kutoka miguuni.

Nyumbani nilimkuta Kabange ameketi kwenye kitanda changu, simu mkononi, hajavua hata viatu. Kabange nimemlea mimi, ananiita Mama, na sasa yeye mwenyewe ana wajukuu. Aliyemzaa ni mdogo wangu Odile, ambaye alikufa siku ileile ya kumzaa. Picha ya Odile hakuna. Kabange amezeeka akiuliza watu, "Nafanana naye?" Mmoja anamwambia ni pua, mwingine anamwambia hapana, ni kicheko, wa tatu amesahau. Jina la mama yake analo, maana Kabange lilikuwa jina la Odile la ukoo. Uso ndio hana. Na tangu utotoni anajua kwamba uso huo upo, ng'ambo ya bahari, umefunikwa. Akanisogezea simu. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, lakini Kiswahili kilikuwa cha mtoto, kile cha kuchezea uani kwetu, hakikukua hata kidogo, dada mkubwa bado ni yaya. "Yaya Berna? Ni miye, Mai. Mama Lan alikufa. Tutakuya na expo. Ubao ya Yaya Odile niko nayo, iko nyeusi vile vile. Mama hakuisugua. Alisema si yake, ni ya kwenu. Tuisugue, ao tuiache?" Kabange alikuwa ananitazama mdomoni kama mtu anayengoja chakula. Nikasema, "Ngoja kwanza nikumbuke." Ndiyo maana nasimulia hapa, na mjukuu anaandika.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi kwa Mama Lan, Mvietnam, mjini, katika zile nyumba zenye baraza pana na miti ya jakaranda mbele. Mume wake, Monsieur Albert, Mbelgiji, aliuza vitambaa. Mama Lan alikuwa mdogo wa mwili, mwepesi, na alikula ameketi chini mkekani, mezani alimwacha mumewe peke yake na uma wake. Jikoni kwake mbabula, jiko letu la makaa, ilikuwa nje ya mlango, juu yake chungu cha mifupa ya ng'ombe kikichemka tangu asubuhi na tangawizi iliyochomwa, na kulikuwa na chupa ya maji ya samaki aliyoiweka hata kwenye sombe yetu ya majani ya muhogo. Harufu yake mwanzoni ilinifukuza, baadaye nikaitafuta. Mai, binti yao, alikuwa bado hajaanza shule. Lakini nyumba ile moyo wake ulikuwa chumba cha nyuma. Madirisha yamefungwa, mashuka yaliyolowa maji yametundikwa kila upande, na makopo ya utomvu mweusi yaliyosafiri kwa meli. Utomvu ule ukikugusa, ngozi inavimba kama umepigwa na nyuki. Mama Lan alikuwa ameshauzoea. Mikono yake ilikuwa na madoa meusi hata siku ya Pasaka.

Nieleze kazi yake, maana bila hiyo hamtaelewa. Mama Lan hakuchora akaacha. Alichora juu ya ubao, rangi juu ya rangi, akabandika karatasi za fedha, akapanga maganda ya mayai ya bata yaliyovunjwavunjwa mahali penye nyeupe. Halafu picha yote, vile ilivyo nzuri, aliifunika kwa utomvu mweusi, isionekane kabisa. Anangoja ukauke mpaka uwe kama jiwe. Halafu anachukua makala, makaa yaleyale tunayopikia, na maji, anasugua polepole, na kilichozikwa kinaanza kurudi. Nilimwona akimtoa samaki hivyo. Ulikuwa ubao mweusi tu kama usiku, halafu pezi, halafu jicho, halafu samaki mzima mwekundu amepanda juu. Na jambo lingine: utomvu ule haukauki kwa jua. Unakauka kwa unyevu. Hewa ikiwa kavu, unabaki laini kama asali. Mvua ndiyo inaufanya mgumu. Hiyo Mama Lan aliniambia huku anacheka, na mimi nilicheka naye, maana tulikuwa bado mwezi wa nne na mawingu yalikuwepo.

Mwaka huohuo alikuwa anatayarisha maonyesho yake. Monsieur Albert alipata sale, ukumbi wa kuazima, afishi zikabandikwa mpaka Kamalondo kwetu: michoro ya Vietnam na sanamu zinazocheza kwenye maji. Sanamu alizirithi kwa baba yake, zilikuja ndani ya sanduku: joka, bata, wasichana wenye mabawa, na yule mnene anayecheka. Uani kulikuwa na basini ya saruji. Tulitundika pazia la matete, mimi na Mama Lan tukasimama nyuma yake ndani ya maji mpaka magotini, tukashika fimbo ndefu zinazopita chini ya maji, ili mtu wa mbele asione mkono wala fimbo, aone tu sanamu imetoka yenyewe, imezama, imetoka tena. Mai ndiye aliyepiga ngoma. Siku moja mama yetu mukubwa Eudoxie, dada ya mama, alikuja kuniona bila kuniambia. Aliingia kwa mlango wa uani, na saa ileile yule mnene akatokeza kichwa kwenye maji machafu, akamchekea usoni.

Eudoxie hakupiga kelele. Alinivuta kwa kikwembe, kitenge nilichojifunga, mpaka barabarani, akaniita kwa jina langu la ukoo. "Ngoie, ule mwanamuke eko natosha bichwa inje ya mayi!"

"Ni mti, mama mukubwa. Ni muchezo ya kwabo."

"Muchezo. Na nguo mupya hii, na sabuni ya harufu, ni muchezo? Ule ni mamba muntu, mwanamuke wa mu mayi. Unamujua, iko mu picha, mu tableau kwa kila salon ya mujini: anakupa mali, halafu anakuomba muntu. Na haombe jirani. Anaomba wa damu yako."

Nilimcheka. Jioni nilimsimulia Odile, naye akacheka mpaka akashika tumbo, maana alikuwa na mimba ya kwanza. Mume wake, Mukalay, alikuwa mtu wa kununua samaki Kasenga. Alikwama siku nyingi njiani, pale Kasomeno, na magari mabovu, na Odile upweke ulimleta kwangu kila siku. Mama Lan alimpenda. Alimpikia uji wa wali na tangawizi, akamkalisha karibu na dirisha, akamwambia, "Weye kula kwanza, uzuri itakuya nyuma." Ndiyo hapo alipotaka kumchora. Odile alikubali bila kuniuliza. Alikaa na kitambaa cheupe kichwani, dirisha lile moja limefunguliwa kwa ajili ya mwanga, na nje, basini. Mai alikuwa amemwacha yule mnene ndani ya maji, analala kifudifudi. Mama Lan kila mara alimwambia, "Odile, niangalie miye." Odile anageuka kidogo, halafu macho yanarudi majini. Mwisho Mama Lan alichoka, akamchora hivyohivyo, anaangalia maji.

Picha ilipokwisha tuliitwa tuione. Sijaona kitu kama kile mpaka leo. Kitambaa cha maganda ya mayai, mashavu mekundu yenye fedha chini yake, na mdomo ule wa Odile unaotaka kusema jambo la kuchekesha. Tuliitazama muda mfupi tu, kama vile tonge la ugali wa moto linavyopita kinywani. Halafu Mama Lan akatumbukiza brashi kwenye weusi. Alianza na tumbo. Odile akasema, "Nizike tu, Mama Lan, nitatoka!" Mai akapiga makofi. Weusi ulipofika kwenye macho, niliona Odile amejishika uso wake mwenyewe, kama mtu anayetafuta kama bado upo.

Mvua iliacha mapema. Ikaja ile baridi yetu ya asubuhi na vumbi jekundu, midomo inapasuka, majani yanakauka mtini. Mama Lan alitundika mashuka, nayo yalikauka kabla hajageuka. Alinionyesha: ukigusa ubao, kidole kinaacha alama. Katikati ya hayo Odile aligusa kopo, hakunawa, akajipangusa jasho. Asubuhi yake uso ulikuwa umevimba, macho yamezama ndani ya nyama, hata mimi niliyelala naye kitanda kimoja utotoni sikumtambua. Eudoxie alikuja, akamtazama kwa muda mrefu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Uso wa mutoto wangu iko wapi?" Na Odile, kwa kuwa hakujua kuficha, alimwambia: iko kwa Mama Lan, chini ya weusi.

Siku ya Bwana iliyofuata Eudoxie alivaa nguo ya misa, akaenda nami. Mama Lan alimpa kiti, alikikataa, akaketi chini; akampa chai, akaifunika kwa mkono. Hiyo kwetu ni vita.

"Mama," akasema, "sikuje kwa maneno mingi. Mutosheni mutoto wangu. Mumutoe mule mu weusi."

"Nitamutosha. Lakini si sasa," Mama Lan akajibu. "Haikauke bado. Nikisugua leo, weusi inatoka pamoja na uso. Atapotea. Tungoje mvua."

"Weye unangoja mvua. Mimba inangoja nani?"

Mama Lan alinitazama mimi, kama kwamba nina neno la katikati. Nikachukua chai ile iliyopoa, nikairudisha jikoni. Uvimbe wa Odile ulishuka baada ya siku chache na alikuwa tena anacheka; lakini Kamalondo tayari walikuwa wanapita mbali na mlango wetu. Kisimani nilisikia Mama Véronique, jirani yetu, akimwambia mwenzake, bila kujua niko nyuma yake, "Ni yaya yake alimupeleka. Ona vile ananenepa." Nilijaza ndoo yangu. Maji yalinimwagikia njia nzima.

Nataka kueleza vizuri kilichofuata, maana Mama Lan alikifanya kwa mapendo, na ndicho kilichoharibu yote. Kwenye salon yake kulikuwa na rafu, na juu ya rafu picha ya mama yake marehemu, bakuli la matunda, na kikombe cha mchanga cha kuchomekea ubani. Kila asubuhi aliwasha kijiti, anaongea na mama yake. Eudoxie alikuwa ameiona siku ile ya kiti, aliniuliza, nikamweleza: kwa wafu wao. Mwezi wa Odile ulipokaribia, Mama Lan aliogopa kwa ajili yake. Akautoa ule ubao mweusi chumbani, akauegemeza kwenye rafu karibu na mama yake, akaweka machungwa mawili na ubani mbele yake, ili mzee amwangalie Odile katika kuzaa. Kwao ni kama sisi kuwasha mshumaa kwa Bikira. Eudoxie alikuja siku hiyohiyo, safari hii na kuku, kwa amani, kuomba kwa upole. Mlango wa salon ulikuwa wazi. Aliona picha na ubao, wa kwanza mfu, wa pili Odile, moshi mmoja unapita juu yao wote wawili. Nilingoja atukane. Alishika tu ncha ya kikwembe, akafunika nayo mdomo, akageuka. Kuku akamwachia pale barazani, miguu imefungwa.

Odile alianza uchungu mwezi wa kumi, bila wingu hata moja. Walinifungulia mlango alfajiri, nilimkuta amelala, mkono umefungwa kama ameshika kitu. Mtoto alikuwa analia vizuri kwenye mikono ya Eudoxie. Mukalay alifika kutoka Kasomeno na harufu ya samaki na vumbi mpaka kwenye kope, akauliza kila mtu kama ni kweli, mmoja mmoja, kama kwamba mmoja wetu angeweza kumjibu tofauti. Kwetu, mama aliyekufa akizaa vitu vyake havibaki ndani. Nguo, sufuria yake, ile picha ndogo ya kitambulisho, vyote vilishuka naye. Na hata jina lilipungua. Huo ndio mwaka redio ilipotuambia tuache majina ya ubatizo; Véronique akawa Mujinga, Eudoxie akawa Umba, fundi Gaston wa mtaani akawa Numbi, mimi Berna nikabaki Ngoie. Msalabani walikataa kuandika Odile. Waliandika Kabange, na jina hilo tayari alikuwa amepewa mtoto. Ilikuwa kama wameandika jina la aliye hai.

Siku ya pili ya kilio, Mama Lan alikuja kwa miguu kutoka mjini. Alikuwa amefunga kichwani kitambaa cheupe, kirefu mpaka mgongoni. Kwao ndiyo rangi ya msiba. Kwetu watu, waliokuwa wamesikia habari za picha, waliona tu kitambaa cha Odile. Wanawake wakavuta watoto wao karibu. Eudoxie alisimama mlangoni. "Rudia kule mu mayi yako," akamwambia, bila hasira. Mama Lan akavua viatu. Alipiga magoti kwenye vumbi la barabara, akainama mara tatu, paji la uso likagusa chini, akaondoka. Wiki hiyohiyo mvua ikaanza kunyesha.

Sikuacha kazi. Watu walishangaa, lakini ningeenda wapi? Chumba cha nyuma kilijaa unyevu, kuta zilitoa jasho, na asubuhi moja Mama Lan aligonga ubao kwa kucha. Ukalia kama kikombe. "Imekauka," akasema. Alikuwa tayari na makala na bakuli la maji. Nilimfikishia Eudoxie habari, nikidhani itamfariji. Akasema, "Muntu wa kuzikwa hapana kumufukua. Akisugua, ntakuya kuivunja miye mwenyewe." Mama Lan akausikia ujumbe, akamwaga yale maji uani. Akaufunga ubao ndani ya blanketi. Maonyesho hayakuwepo. Mwisho wa mwaka uliofuata serikali ilichukua maduka ya wageni, Monsieur Albert akakabidhi funguo zake na vitambaa vyake, nao wakaondoka. Afishi zilibaki kwenye kuta za Kamalondo mpaka mvua ikamla yule mnene, kwanza miguu, mwisho meno.

Hayo ndiyo niliyokumbuka. Eudoxie amekufa siku nyingi. Alimpenda mtoto yule kuliko sisi wote, na hakusema tena neno juu ya ubao isipokuwa lile. Juzi Mai alifika. Mwili wa mama yake kabisa, nywele nyeupe, akanikumbatia akasema, "Yaya Berna, niko na njaa," kama zamani, na nikamlisha bukari, ugali wetu, na sombe. Kisha Kabange akasema lile alilokuwa amelishikilia mwezi mzima: "Mama, miye siogope. Nisuguliye." Nilimwambia neno la Eudoxie. Akajibu, "Yeye alimuona. Anaweza kukataza, alimuona."

Kwa hiyo jana tulikwenda kwenye sale. Mafundi walikuwa bado wanapiga misumari, na katikati walikuwa wamejaza basini kubwa kwa ajili ya sanamu, maji ya kijani, hayatikisiki. Mai alilaza ubao mezani. Ulikuwa mweusi mpaka nikajiona mimi ndani yake, bibi kizee. Alinipa makala. Weusi uliozeeka miaka yote ile haukubali upesi. Tulipokezana, mimi, yeye, mimi tena, na maji kwenye bakuli yakawa wino. Kwanza kilitoka kipande cha maganda ya mayai, ncha ya kitambaa. Kabange akasogea mezani. Halafu paji, jekundu, fedha ikiangaza chini yake. Halafu jicho moja.

Lilikuwa jicho la Odile. Kabange alilitazama, na mkono wake wenye mishipa ukanikamata kifundo cha mkono. "Acha hapo," akasema. "Mama, ni mutoto. Ule ni mutoto mudogo." Nilikuwa sijafikiri hilo: kwamba mama yake angeweza kuwa mjukuu wake. Mai aliuliza aache hivyo, jicho moja tu na weusi mwingine wote, na Kabange akatikisa kichwa ndiyo. Mai akauliza aandike jina gani chini. Nikamwambia, "Odile. Sasa inaruhusiwa." Wakautundika ukutani, mahali palipobaki wazi, ng'ambo ya basini.

Tulikuwa tunatoka. Mlangoni Kabange aligeuka kuangalia mara moja tena, akasimama. Nikaona mkono wake unatafuta ncha ya kikwembe, ukaipandisha mdomoni. "Mama," akasema ndani ya kitambaa, "ananiangalia miye, ao anaangalia mayi?"

Mimi nilikuwepo dirishani siku ile. Najua alichokuwa anaangalia.

"Anakuangalia weye," nikamwambia, na nikamshika mkono tutoke, kabla hajageuka tena.